Umepandishwa cheo juu ya mtu aliyekufundisha kazi, na sasa anakuomba umdhamini mkopo wa sacco. Tujadili

Binti wa Tudor (mleta uzi)

Assalamu alaykum, na habari zenu nyote. Wakubwa shikamooni. Uzi huu ni mrefu, naomba subira yenu, maana jambo lenyewe lina pande nyingi na nikilifupisha mtanishauri kwa nusu ya habari.

Nafanya kazi kwenye kampuni ya klering na fowading hapa Mombasa, yaani tunawatolea wateja mizigo yao bandarini na forodhani, kitengo cha nyaraka. Niliingia kama mwanafunzi wa atachimenti kutoka TUM, chuo kikuu cha ufundi cha hapa Mombasa, nikabakishwa. Aliyenipokea na kunifundisha kazi ni mzee mmoja ambaye ofisi nzima tunamwita Ami. Mwaka huu nimefanywa mkuu wa kitengo, na Ami sasa yuko chini yangu. Mimi ndiye ninayeidhinisha likizo yake, mimi ndiye ninayejaza fomu yake ya tathmini.

Niwaeleze kwanza Ami ni nani kikazi, bila hilo hamtaona uzito wa jambo. Alianza enzi za makaratasi, faili linabebwa mkononi kutoka kaunta hadi kaunta kule bandarini Kilindini. Simba, mfumo wa kompyuta wa forodha, ilipoingia 2005 akajifunza. Simba ikaondolewa ikaja iCMS, akajifunza tena, polepole, lakini akajifunza. Ile amri ya 2019 ya makontena kupandishwa reli ya SGR yakatolewe Nairobi, mnakumbuka mji ulivyokuwa: yadi za makontena, zile CFS, tupu, malori yameegeshwa Changamwe na Miritini hayana pa kwenda, vijana wamerudishwa nyumbani. Kitengo chetu kilipona kwa sababu Ami alikuwa na wateja wasiotaka faili zao ziguswe na mtu mwingine. Shughuli ziliporudishwa Mombasa Septemba 2022, wengi wetu tulikuwa bado na meza zetu, na sehemu kubwa ya sababu ni yeye.

Na alivyonifundisha! Alinipanga karatasi tatu mezani, ankara ya muuzaji, orodha ya vifurushi na BL, ile hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli, akanipa kalamu nyekundu, akasema nisisome maneno kwanza, nianze na namba. Uzito, idadi ya vifurushi, namba ya kontena, namba ya sili ya mlango wake. Zikilingana zote ndipo nisome maneno. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na tarakimu ya mwisho inatokana na hizo zilizotangulia. Akanionyesha hesabu yake kwa mkono, ili nijue namba imekosewa kabla mfumo haujaikataa. Siku hizi kuna programu inafanya hivyo kwa sekunde moja. Lakini mimi nikiona namba imekaa vibaya najua, na kujua huko nimekupata kwake.

Sasa kwa nini mimi na si yeye? Nafasi ilitangazwa, na sharti la kwanza lilikuwa cheti cha Afrika Mashariki cha forodha na usafirishaji mizigo, kile cha EACFFPC. Mimi nilikisomea jioni baada ya kazi. Ami hana. Ana kazi yenyewe, cheti hana. Pia ripoti za wakurugenzi nilikuwa nikiandika mimi, na mteja akipiga simu saa mbili usiku nilikuwa nikipokea mimi. Nafasi niliiomba, naitaka na ninaiweza. Nalisema hili waziwazi kwa dada zangu hasa: usijidogoshe kwa kitu ulichokifanyia kazi.

Baada ya tangazo hakukuwa na ugomvi. Kungekuwa na ugomvi ingekuwa rahisi. Ami alinyamaza tu. Anafika kwa wakati, anamaliza faili zake, anaondoka. Vijana wakimuuliza kitu anasema, "Muulizeni mkubwa wenu." Zamani akipita nyuma ya kiti chako kuelekea kuchukua maji, jicho lake linapita kwenye skrini yako, na utasikia tu, "Angalia PIN ya kodi ya mpokeaji hapo." Hiyo ilikwisha. Ikatokea mzigo mmoja jina la mpokeaji kwenye BL halikulingana na lililoko kwenye IDF, fomu ya tamko la kuingiza mzigo nchini. Kurekebisha manifesti, orodha ya mizigo ya meli, kupitia wakala wa meli kukachukua muda, siku za bure za kuweka mzigo zikaisha, ada ya storeji ikaanza kuhesabu, mteja akapiga kelele. Faili halikuwa la Ami, hakuna awezaye kumlaumu. Lakini ofisi nzima ilijua kwamba mwaka uliopita angeliona.

Nikamwomba tuzungumze. Si ofisini kwangu, nisimfanye asimame mbele ya meza yangu. Tulikaa kwenye kibaraza cha nje saa nne, muuza kahawa alipopita, mlango wazi na watu wanatuona. Nikamwambia, "Ami, nafasi niliiomba na naitaka. Sikuiomba ili wewe ukae pembeni." Akanywa kahawa yake, akasema, "Binti yangu, kupata kwako hakukunichoma. Kilichonichoma ni kupata habari kwa kijana wa mapokezi."

Yaani barua ilichapishwa, ikabandikwa, na mtu wa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja katika uongozi aliyemwita kando kumwambia. Hilo kwangu ndilo kiini cha mambo yote haya. Watu wanadhani mkubwa anaumia kwa cheo. Mara nyingi anaumia kwa namna cheo kilivyompita.

Tukakubaliana mambo. Faili zote za magari na za mizigo ya transiti, inayopita kwenda nchi nyingine, zipite mezani kwake kabla ya kupitishwa entri ya forodha, na hilo liandikwe kwenye utaratibu wa kitengo ili lisionekane ni hisani yangu. Nikaenda kwa wakurugenzi kudai awe na jina la kazi hiyo, mhakiki mwandamizi, na kitu juu ya mshahara. Jina wametoa upesi. Pesa wametoa kidogo, bado naidai iliyobaki. Na kampuni imekubali kumlipia kozi ya kile cheti, akitaka.

Hali imekuwa nzuri. Na kwa kuwa imekuwa nzuri, juzi amenijia na fomu ya sacco. Anajenga Mishomoroni, nyumba imefika kwenye linta, anataka mkopo wa kuezeka, na wenzetu karibu wote akiba zao zimeshafungwa kwa kudhaminiana. Mimi zangu ziko huru.

Nikikataa ataona cheo kimenipanda kichwani. Nikikubali, mwisho wa mwaka nitamjazia tathmini mtu ambaye deni lake liko shingoni mwangu. Mngefanyaje?

Mla Mbaazi wa Bondeni

Dada, usitie sahihi. Mimi sizunguki.

Kazi niliyokuwa nayo zamani nilimdhamini mwenzangu, mtu mzuri, tunaswali safu moja. Akapata kazi Doha, akaondoka wiki ile ile aliyopata viza. Simu ikapokelewa miezi ya mwanzo, halafu ikawa haipokelewi. Sacco ilifuata fomu inavyosema: deni likagawanywa kwa wadhamini, tukakatwa juu kwa juu kwenye mshahara. Mimi wakati huo nina mtoto anaingia sekondari.

Huyo Ami wako hatakimbilia Doha, sawa. Lakini hukusema anakaribia umri gani. Mkopo wa kuezeka haulipwi kwa mwaka mmoja. Akistaafu kabla haujaisha, mshahara unaokatwa haupo tena.

Kapteni wa Nyali

Niko hoteli, upande wa mgahawa, na kichwa cha uzi kimenigusa kabla hata sijafika kwenye sacco.

Nilikuwa weita na rafiki yangu, tunapanga nyumba moja Kongowea, tunagawana kodi. Mimi nikafanywa kapteni. Jambo la kwanza lililobadilika ni kupanga zamu. Msimu wa wageni, Desemba mpaka Pasaka, kila mtu anataka jioni kwa sababu ndiko kwenye bakshishi. Nikimpa mwenzangu jioni wengine wananong'ona, nikimnyima analala njaa na mimi nalala chumba cha pili. Msimu ukiisha, mvua za Aprili na Mei, ndipo wanaamua nani apewe likizo bila malipo, na jina la kwanza wanaloniuliza ni lake, kwa kuwa "wewe unamjua."

Tulichofanya ni kubandika orodha ya zamu ya wiki mbili mbele, kwa mzunguko, kila mtu aone zamu yake inakuja lini. Mzunguko ndio unaoamua, si mimi. Na nikahama ile nyumba. Urafiki uko mpaka leo, lakini kodi ya nyumba na zamu ya kazi haviwezi kukaa kwenye mkono mmoja. Nadhani udhamini na tathmini ni vivyo hivyo.

Karani Mstaafu

Binti wa Tudor, marahaba. Nimeusoma uzi wako mara mbili, na nataka kusema kwa upande wa Ami, kwa sababu nimekikalia kiti chake.

Nilikuwa karani wa tali. Kazi ya kusimama gatini na ubao, unahesabu magunia na makasha yanavyoshuka, na melini kuna karani mwingine anahesabu upande wake, jioni mnalinganisha. Makontena yalipozidi hesabu ile ikapungua, sili ikishafungwa hakuna gunia la kuhesabu. Nikahamishiwa ofisini, na mkubwa wangu akawa kijana niliyemwonyesha mimi mwenyewe namna ya kushika ubao.

Nitakwambia mambo yanayomuuma mtu wa umri wetu, maana hayasemwi. Kuitwa kwenye kikao na kuulizwa jambo ambalo limeshaamuliwa. Kusifiwa mbele za watu kwa "uzoefu wako mkubwa" halafu kazi ngumu anapewa mwingine. Kusaidiwa kompyuta na mtu anayeikamata maus mkononi mwako bila kukuomba ruhusa. Hili la mwisho unaweza kudhani ni dogo, lakini fikiria mtu anachukua kalamu mkononi mwako ukiwa unaandika.

Yule kijana mkubwa wangu alikuwa na tabia moja iliyonifanya nimfanyie kazi kwa moyo mpaka nastaafu. Mteja akija na tatizo, alikuwa akinyanyuka, anakuja mezani kwangu na mteja nyuma yake, anasema, "Hili tumuulize huyu." Mbele ya mteja. Hakuniita kwake. Na nikishajibu, uamuzi anautoa yeye na kuubeba yeye. Ukiharibika hakunitaja. Wahenga walisema mkubwa ni jaa, na yule kijana alikubali kuwa jaa.

Kuhusu hiyo kozi ya cheti, usimsukume. Mwulize kama anaona haya kukaa darasani na watoto wa miaka 22. Mimi ndilo lililonizuia, si ugumu wa masomo. Wakipatikana watu wazima wengine wawili watatu wa kwenda naye, ataenda.

Na mwanangu, la muhimu kuliko yote: kampuni imemjua nani atakayekaa meza ya Ami akiondoka? Usingoje barua ya kustaafu. Mpe kijana mmoja akae pembeni yake sasa hivi, faili za magari zianze kupita kwa wote wawili. Kazi ile haimo kwenye mfumo, imo kichwani mwake.

Mama Wawili

Naomba kuuliza kitu ambacho wanaume hapa hawajauliza. Dada, maneno yameshaanza? Maana mwanamke akipanda ofisi za mji huu, wiki haiishi utasikia amepandishwa na nani na alitoa nini.

Binti wa Tudor (mleta uzi)

Mama Wawili, yameshaanza na nimeyasikia. Nashukuru umeuliza.

Sikujibu kwa ugomvi. Niliwaomba HR wasome kwenye kikao cha kitengo vigezo vya nafasi ile na alama za usaili za walioomba, bila majina. Walipoona cheti kilikuwa na alama ngapi na jaribio la entri lilikuwa na alama ngapi, maneno yalipungua. Hayajakwisha. Na Ami, kwa kunyamaza kwake kote, hilo hakulishiriki hata siku moja. Kijana mmoja alipolianza mbele yake alimwambia, "Huyo nimemfundisha mimi, unanitukana mimi."

Dawati la Ajira

Habari zenu. Mimi ni mtu wa rasilimali watu, sekta ya viwanda hapa Mombasa. Niongeze upande wa karatasi, kwa sababu mengi mnayoyasema yanaharibika kwa kukosa karatasi.

Binti wa Tudor, barua yako ya cheo unayo mkononi? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inataka masharti ya kazi yakibadilika mwajiri ashauriane na mfanyakazi na mabadiliko yaandikwe. Hilo ni lako wewe, na ni la Ami pia. Kama amepewa jina jipya na kazi mpya ya uhakiki, apewe barua yake, iseme kazi ni ipi, mshahara ni upi na anaripoti kwa nani. Nimeona wazee wengi wanaongezewa majukumu kwa mdomo, kisha siku ya hesabu za mwisho hakuna anayekumbuka. Na kama wewe ulikaimu kabla ya kuthibitishwa, angalia barua ya kukaimu ilisema nini kuhusu malipo ya kipindi hicho. Iliyobaki ya Ami unayoidai kwa wakurugenzi, idai kwa maandishi.

Kuhusu maneno ya mitaani juu ya wanawake, sheria hiyo hiyo kifungu cha 6 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia. Iombeni, someni. Mzaha wa kumhusisha mtu na ngono ili kumshusha unaweza kuangukia humo, na kuna utaratibu wa kulalamika.

Sasa sacco. Kabla ya kuwaza undugu, waza karatasi ya mshahara ya Ami. Kifungu cha 19 kinasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Ukitoa kodi, NSSF, bima ya afya, makato ya nyumba na mkopo alio nao sasa, kimebaki nini? Kama mkopo mpya unaivunja theluthi inayotakiwa kubaki, hata wadhamini kumi hawamsaidii, ofisi ya mishahara haitakiwi kukata. Watu wanagombana juu ya mdhamini wakati hesabu yenyewe haikubali.

Na kwa maoni yangu ya kikazi: anayemfanyia mtu tathmini asimdhamini. Si kwamba sheria inakataza. Ni kwamba siku utakapompa alama nzuri watasema unalinda pesa yako, na siku utakapompa alama mbaya yeye atasema unamkamua. Tathmini hiyo itakuwa haina maana kwa yeyote, na Ami ndiye atakayepoteza zaidi, kwa sababu nyongeza unayomdai inategemea tathmini hiyo hiyo iaminiwe.

Mla Mbaazi wa Bondeni

Dawati la Ajira kamaliza. Hoja ya tathmini sikuiwaza.

Ila mtu asifikiri kukataa ni kutoa mkono na kuondoka. Mzee amekuja na fomu, amejishusha. Atakayekataa lazima aende na kitu mkononi. Dada, sacco yenu inaruhusu kukopa ndani ya akiba yako mwenyewe bila mdhamini? Na je, ana gari, ana hatimiliki ya kile kiwanja? Sacco nyingi zinapokea logibuku au hati kama dhamana.

Mwana wa Likoni

Mimi nakwenda kinyume na wote, mnisamehe. Mtu amekupa kazi ya maisha yako bila kukudai shilingi. Wewe una akiba imekaa. Mnaleta vifungu vya sheria. Wazee wetu walijengeana nyumba kwa kudhaminiana kwa mdomo tu, na mji huu ukajengeka. Kila kitu kikiwa karatasi, ubinadamu utakaa wapi?

Karani Mstaafu

Mwana wa Likoni, nakuelewa, na moyo wako ni mzuri. Lakini wazee hao waliodhaminiana kwa mdomo walikuwa sawa kwa sawa, mmoja hakuwa akimsimamia mwenzake kazini. Mimi yule kijana mkubwa wangu angenidhamini, siku ningetaka kumpinga kikaoni ningenyamaza. Na mimi nilimpinga mara nyingi, na kupinga kwangu kulimsaidia.

Binti wa Tudor (mleta uzi)

Wakubwa na ndugu zangu, nimerudi. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kuandika kabla ya kuzungumza naye.

Mwana wa Likoni, usiache moyo huo. Ulichokisema ndicho kilichonifanya nisitume ujumbe wa simu, nikaenda mwenyewe. Nilimwendea kabla fomu haijarudi sacco, nikamwambia kwa mdomo wangu, "Ami, sitatia sahihi, na sababu ni fomu ya tathmini." Nikamweleza kama Dawati la Ajira alivyoeleza, hasa lile la nyongeza yake. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo ukihamishiwa kitengo kingine utanidhamini?" Nikamwambia ndiyo, na nilimaanisha.

Halafu nikamwomba anionyeshe karatasi zake, akikubali. Akakubali. Tukakaa na karatasi ya mshahara na taarifa ya sacco. Theluthi haikuvunjika, lakini ilibaki kidogo sana, mkopo ule wote aliouomba ungeigusa. Na kwenye taarifa tukakuta kitu ambacho yeye mwenyewe hakukijua: sehemu ya akiba yake bado ilionyeshwa imefungwa kwa mkopo wa mwenzetu mmoja wa zamani ambaye alishamaliza kulipa. Tukaandika barua, sacco wakaangalia, wakaifungua. Sacco yetu inaruhusu kukopa ndani ya akiba yako bila mdhamini, kwa hiyo Mla Mbaazi umepiga penyewe. Kiasi alichopata hakitoshi kuezeka nyumba nzima. Kinatosha mbao na mabati ya upande wa vyumba viwili na jiko. Fundi wake amesema anaweza kuuezeka upande huo kwanza, na ukumbi ukangoja.

Kwamba aliridhika kabisa, sitasema hivyo. Siku mbili alinisalimia kikazi. Siku ya tatu alipita nyuma ya kiti changu na kuniambia gari lililoko kwenye skrini yangu limesajiliwa mara ya kwanza mwaka ambao Januari litakuwa limepita miaka 8 inayoruhusiwa, na meli yake inatarajiwa mwisho wa Desemba, kwa hiyo nimwambie mteja leo, si kesho. Mnaojua kazi hii mnajua Desemba ya magari ilivyo, na faili kama hilo likipitwa hasara yake ni nini. Meli ikichelewa wiki moja gari haliingii nchini.

Kuhusu kozi, Karani Mstaafu, nilimwuliza lile swali la kuona haya. Akacheka, akasema nimeyatoa wapi maneno hayo. Wapo wazee wawili wa kampuni jirani hawana cheti na wana fikra hiyo hiyo, amesema atazungumza nao.

Na lile lako la meza yake nimelipeleka kwa HR kwa maandishi, pamoja na jina la kijana ninayemtaka akae pembeni ya Ami. Wameniuliza kama Ami atalipwa kwa kufundisha. Nimewaambia ndiyo, na nimeandika kiasi. Nangoja jibu, likija nitalileta hapa. Dawati la Ajira, kama una mfano wa barua ya majukumu ya mtu anayefundisha kazini huku akiendelea na kazi yake, tafadhali nitumie faragha, niipeleke nayo kabla hawajakaa kikao cha bajeti.